Zamu ya Maji Ianzie Mkiani

Carama, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Baba namwamkia hapo hapo alipo, maana najua umemkalisha karibu unamsomea kwa sauti, naye amejifanya anachonga mpini wa jembe na wala hasikilizi. Shikamoo Baba. Mguu unaendeleaje? Mdogo wangu Elifuraha aliniambia kwenye simu kwamba umeanza kupanda mlima tena bila fimbo, halafu simu ikakatika kabla hajaniambia kama ulishuka salama. Na ndiva mmeshaizoa matope, au mnangoja mvua iwakute mmekaa? Mama, wewe kifua je? Ile dawa ya majani unakunywa, au unawapa majirani wakanywe wao?

Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa hata buti nilizokuja nazo zikanibana, ikabidi niende mtaa wa maduka, Asiatique, kutafuta nyingine. Muuza duka akaniuliza, "Mama, buti ni ya bwana yako ao ni yako?" Nikamwambia bwana sina, matope ninayo. Alicheka mpaka akaniongezea soksi bure. Kunenepa kwenyewe kumesababishwa na samaki wa ziwa hili la Tanganyika, wanaitwa mukeke. Wakichomwa vizuri na pilipili pembeni, unaweza kusahau jina lako.

Ulisema umechoka na simu ya haloo haloo, unataka karatasi ushike mkononi. Basi hii hapa. Nampa dereva mmoja wa malori, mtu wa kwetu Same, nilimkuta Bandari ya Bujumbura akingoja kupakia. Ameapa kwa jina la mama yake kwamba itafika. Akifika nayo mpe chai.

Nianze na kazi, kwa sababu nasikia kanisani umewaambia akina mama wenzako kwamba mwanao ni injinia mkuu wa Burundi. Mama, punguza! Injinia yupo, anaitwa Désiré, na sisi wote tunamwita Chef, yaani mkubwa wa kazi. Mimi ni mtunza mlango wa maji. Huku juu ya mji, vilima vinapoanza kupanda, kuna bwawa ambalo kampuni iliyonileta ililifukua upya na kulijengea ukuta. Kazi ilipoisha wenzangu wakarudi Tanzania, mimi nikaombwa nibaki nilichunge.

Maji ya bwawa hili yana wenyewe wawili. Kuna pampu ya maji ya kunywa ya mitaa ya kaskazini, pamoja na hapa Carama ninakokaa. Halafu kuna mfereji mkubwa unaoteremka kwenye mashamba ya mpunga kule tambarare. Ndani ya bwawa tumesimamisha mti wa kipimo, umepakwa rangi, na karibu na chini una mstari mwekundu. Maji yakishuka chini ya mstari ule, pampu inavuta tope, na watu wanakosa maji ya kunywa. Kwa hiyo kila asubuhi nasoma kipimo, nampigia Chef, tunakubaliana tufungue kiasi gani, kisha nazungusha usukani wa mlango. Ni mgumu, Mama. Mikono yangu sasa ni ya kubeba magunia.

Mwaka huu mvua iliondoka mapema bila hata kuaga. Vumbi la Carama linaingia mpaka kwenye chungu kilichofunikwa. Kila nikisoma kipimo, maji yameshuka. Chef akawa anakuja bwawani na kofia yake ya majani, anauangalia ule mstari mwekundu kama mtu anayeangalia nyoka chini ya kitanda. "Tukifungua sawa hivi mchana na usiku," akasema, "mvua itakuta hapa tope tupu. Na mpunga haujaiva. Tufanye nini?"

Ndipo mimi nikawa na akili. Baba, hapa sikiliza vizuri, mbele utaziba masikio.

Nilikumbuka ndiva yetu, kale kabwawa ketu ka mlimani. Jioni mnaiziba, usiku kijito kinaijaza taratibu, asubuhi mnaizibua, mwenye zamu anamwagilia mchana kweupe, na hakuna tone linalopotea watu wakiwa wamelala. Nikamwambia Chef: kwa nini sisi tunaacha maji yanateremka usiku kucha? Nani anayamwagilia? Tufunge jioni, tufungue alfajiri, kama kwetu Upare. Chef akapiga makofi. "Mais voilà! Kumbe Wapare munajua mambo!" Kuanzia siku ile nikawa nafunga jua linapozama na kufungua kunapopambazuka. Na kweli bwawa likatulia. Maji yalikuwa yakishuka bado, lakini kwa adabu. Kichwa kikanivimba, Mama. Nilitembea Carama nikidhani hata mbuzi wananipisha.

Sasa nikujulishe kwa mama mwenye nyumba wangu. Anaitwa Mama Shabani, mjane, Mwislamu wa hapa hapa Bujumbura tangu mababu. Mwanawe mkubwa Shabani alihamia Kongo zamani, na ana binti aliyeolewa mjini, Zaituni, ambaye huja kumsalimia Ijumaa. Mkwe wake sikuwahi kumwona. Huku mkwe haingii ovyo kwa mama mkwe, wala mama mkwe hakai kwa mkwe. Hawaangaliani machoni, hawali pamoja, na kama kuna neno linapitia kwa mtu wa tatu. Mama Shabani mwenyewe ni mtu wa maneno. Akianza kuongea uani, redio ya jirani inanyamaza kumsikiliza. Ananiita "mwana wangu ya Tanzania" na ananifokea nisipomaliza ugali.

Yeye ana kipande cha shamba la mpunga, mwisho kabisa wa mfereji, mahali wanapopaita mkiani. Alikikodi mwaka huu kwa siri kidogo, akamkataza hata Zaituni asimwambie mumewe. Sababu aliniambia mwenyewe siku moja tukichambua maharage. Baada ya marehemu mume wake kuondoka, mkwe alituma ujumbe kwamba ahamie kwao, atapewa chumba na chakula, asisumbuke tena. Mama Shabani alishika kichwa. "Mi kulala kwa mukwe? Nikohoe, anasikia? Nile, anajua nimekula nini? Apana, mwana wangu. Mupunga hii ikiniangusha, sina njia ingine, nitaenda, na nitakufa haya kabla ya kufa kweli. Lakini haitaniangusha." Alisema akicheka, lakini maharage yalimponyoka mikononi.

Basi siku kadhaa baada ya akili yangu ile, nikaona jambo. Mama Shabani alikuwa akirudi shambani na miguu misafi. Zamani alirudi na tope mpaka magotini, anaoga uani akiimba. Sasa anarudi na vumbi tu, ananawa uso, anakaa. Haongei! Nikamuuliza kama anaumwa.

"Apana," akasema. "Maji imekufa."

"Imekufaje? Mimi nafungua mlango kuanzia alfajiri mpaka jioni."

"We unafungua. Kwangu haifiki."

Sikuamini, nikafuatana naye. Mama, shamba lilikuwa limepasuka nyufa za kuingiza vidole. Na mpunga wake ulikuwa na mimba, ile hatua ambayo suke limevimba ndani ya jani na bado halijatoka. Wewe unalima, unajua. Mpunga ukikosa maji ukiwa na mimba, suke linatoka jeupe, limesimama wima, ndani hamna kitu, mapepe matupu. Mama Shabani alikaa kwenye tuta akashika bua moja, akalibonyeza pale palipovimba kama anayempima mjamzito. "Bado iko," akasema. "Lakini haitangoja."

Nilirudi nimechanganyikiwa. Maji natoa mimi kwa mikono yangu, yanakwenda wapi? Kesho yake nikamwomba Chef akae mlangoni, nikakata kipande cha mgomba, nikakitupa mferejini mara tu tulipofungua, nikaanza kutembea nacho. Mama, mfereji wa huku si kama wetu. Kwetu maji yanateremka mlima kama mtoto anayekimbilia chakula. Huku ni tambarare, maji yanatembea kama bibi harusi. Mimi natembea hatua moja nasimama, natembea nasimama, nangoja mgomba. Watu waliokuwa wakipalilia wakaacha majembe.

"Dada, unaenda wapi na mugomba?"

"Nausindikiza."

"Unaolewa na nani?"

Basi kicheko shamba kwa shamba. Wengine wakawa wanapiga vigelegele tukipita. Jua likapanda, likafika utosini, mgomba wangu haujafika hata nusu ya safari, halafu ukasimama kabisa. Mbele kulikuwa na mifuko ya mchanga imepangwa kukata mfereji mzima, ikashindiliwa na mlango wa gari bovu, na maji yote yanageukia kwenye shamba moja kubwa upande wa kulia.

Mwenye shamba akaja na jembe begani. Ni fundi wa magari wa mjini, jina lake Ramazani, mrefu, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Siku hizi petroli ni adimu, magari yamelala, kwa hiyo mafundi wengi wamejitia kwenye mpunga.

"We mama, unatafuta nini mu mifuko yangu?"

"Natafuta mgomba wangu."

"Iko pale, imekwama. Chukua tu, mi sikuiiba."

Nikamuuliza kwa nini ameziba mfereji wa watu wote. Akashangaa kuliko mimi. "Sababu ni mchana! Mchana maji ni ya sisi wa huku juu. Usiku ni ya wale wa mkia. Ndiyo vile toka zamani. Jioni mi natoa mifuko, naenda nyumbani, maji inashuka kwao usiku muzima. Uliza kila mutu."

"Lakini jioni mimi nafunga mlango kule bwawani."

Akaniangalia, akashusha jembe, akacheka kwa sauti yake yote. "Ehee! Basi usiniulize mi nani anakula maji yao."

Baba, hapa ndipo pa kuziba masikio. Nilisimama pale na mgomba wangu mkononi, nikatamani mfereji unimeze. Maji ya usiku niliyoyaona hayana mwenyewe yalikuwa na wenyewe. Walikuwa watu wa mkiani, wanaoamka na tochi wakati wa juu wamelala. Mimi na ndiva yangu ya mlimani, ambako shamba la mwisho liko umbali wa mtu kuita akaitikiwa, nilikuwa nimewanyang'anya zamu yao yote kwa kuzungusha usukani. Na mama anayenipikia ndiye wa mwisho kabisa kwenye mstari. Nililia njiani, sikufichi. Nililia na kujitukana kwa Kipare ili watu wasielewe.

Jioni nikamweleza Mama Shabani ukweli wote. Nilidhani atanifukuza nyumbani. Aliniwekea chakula, akasema, "Sasa umejua. Rekebisha." Nikala huku kamasi zinatoka.

Dawa rahisi ingekuwa kufungua usiku kama zamani. Lakini nilipomwambia Chef, alitikisa kichwa. Bwawa lilikuwa limekaribia ule mstari. Tukifungua mchana na usiku, pampu itavuta tope kabla mpunga wa mkiani haujatoa suke, na watu wa Carama watakunywa nini? Kwa hiyo maji ni ya mchana tu, na mchana ni wa watu wa juu tangu zamani. Ilibaki kitu kimoja: watu wa juu waachie. Chef akaitisha kikao.

Huku Jumamosi asubuhi kila mtu hutoka kwenye kazi za pamoja, kufagia barabara, kuzibua mitaro. Jumamosi ile tuliomba watu wa mpunga wafanyie kazi hiyo kwenye mfereji. Walifyeka nyasi kuanzia juu, na tulipomaliza tukakaa kwenye kingo, wengine wamekalia mabeseni yaliyogeuzwa. Chef akaeleza habari ya kipimo na pampu. Ramazani akasimama. Mama, ile sauti! "Munataka tuache mupunga yetu ife sababu ya bwawa? Mi nalima hapa, mi nakunywesha hapa! Mukia ni mukia, wangoje mvua!" Na wenzake wa juu wakamuunga mkono.

Nikaona hapa dawa ni Mama Shabani. Nani angeshindana naye kwa maneno? Alikuwa amekaa nyuma kabisa, nyuma ya akina mama wengine. Nikamfuata, nikamshika mkono, nikamvuta mpaka katikati. "Mama Shabani, waambie. Waambie hali ya shamba lako."

Mama Shabani akavuta kitenge akajifunika kichwa mpaka machoni, akageuka akaangalia vilima. Nikamtikisa, "Mama, sema!" Kimya. Nikageuka kwa Ramazani, naye kofia ameivua, anaangalia kidole gumba cha mguu wake. Halafu akachukua jembe akaondoka kikaoni. Akina mama wakawa wanaziba midomo kwa mikono. Watu wote wanaelewa isipokuwa mimi na Chef, ambaye ni mtu wa milimani huko Gitega na hajui nani kaoa wapi.

Nilimkimbilia Ramazani nimejaa hasira. Nikamwambia huyo mama ni mkubwa kwake, amsikilize hata kama yeye mwenyewe hana adabu. Akanigeukia, macho mekundu.

"We mugeni, umeniua leo! Yule ni mabukwe! Mama ya muke wangu Zaituni! Unanisimamisha mbele yake napiga kelele juu ya maji? Nitapeleka wapi huu uso?"

Nikamuuliza, "Hukujua ana shamba huku?"

"Nani aniambie? Mi najua analima mboga nyumbani kwake." Akageuka kuangalia mashamba ya chini. "Shamba yake ni gani?"

Nikamwambia ni la mwisho, lile lenye nyufa. Sikumwambia habari ya chumba na kukohoa, maana hayo si maneno yangu ya kubeba. Lakini hakuhitaji kuambiwa. Alikaa chini kwenye majani, mtu mzima na urefu wake wote.

"Amekataa kula kwangu," akasema polepole. "Anataka kula kwake. Na mi ndiyo namukausha."

Kisha akaondoka mbio kwenda kwenye shamba lake. Nikamkuta ameingia mferejini na suruali yake ya Jumamosi, anatupa mifuko ya mchanga nje mmoja mmoja, na ule mlango wa gari akaurusha mbali mpaka bata wakaruka. Maji yakaenda.

Kikao ilibidi kifanyike mara mbili, Mama, kwa sababu wale wawili hawawezi kukaa sehemu moja. Mama Shabani alirudi nyumbani, na alipokwisha kupotea kabisa njiani, ndipo Ramazani akarudi kikaoni, suruali inachuruzika. Akawaambia wenzake wa juu, "Tuseme kweli. Sisi tulipanda kabla yao, mupunga yetu imeshaanza kuwa manjano. Inataka maji ya nini tena? Tunaziba sababu tumezoea kuziba." Mzee mmoja akanung'unika kwamba zamu haijawahi kugeuzwa. Ramazani akamjibu, "Basi inageuka leo. Zamu ianzie mukia. Mukia ikishiba, maji inapanda kwetu. Na mutu akiweka mufuko, tutaonana." Walicheka, wakabishana, wakakubali. Chef akanikonyeza kama vile yeye ndiye aliyepanga.

Usidhani basi mambo yakawa mteremko. Ramazani alizunguka mfereji na baiskeli kila siku kukagua, na watu walimkasirikia. Kipimo kikazidi kushuka mpaka ikabaki upana wa kidole juu ya mstari mwekundu. Chef akanipigia, "Funga kabisa." Nikamwambia, "Chef, suke limeanza kuchungulia, tukifunga leo tumefanya kazi bure." Akafoka, nikafoka. Mwisho akaja mwenyewe, nikampeleka mkiani akaona kwa macho yake. Akashika kiuno, akaangalia mbingu, akasema tufungue nusu, na watu wa juu wasiguse kabisa mpaka aseme. Nikazungusha usukani nusu. Siku hizo sikuonja hata mukeke, Mama.

Sasa jana. Nimekaa na habari hii tangu jana, ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu.

Alasiri nilikwenda mkiani kuona maji yamefikaje. Nikamkuta Mama Shabani amesimama shambani, tope mpaka magotini. Ng'ambo ya tuta, Ramazani alikuwa anasafisha mdomo wa mfereji wa mama mkwe wake. Amempa mgongo, naye amempa mgongo. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Nikasimama katikati sijui nifanye nini.

Mama Shabani akainama akaanza kuusemesha mpunga, kwa sauti ya kusikika mpaka Carama. "We mupunga, kunywa pole pole. Mutu amekuletea maji. Ni mutu mwenye heshima, mama yake alimulea vizuri. Mungu amulindie watoto wake na kazi yake."

Jembe la Ramazani likasimama. Kisha naye akaongea, anaangalia maji. "We maji, pita vizuri. Usibomoe tuta ya watu wakubwa. Na kama kuna kitu ilikukasirisha kule kikaoni, samehe. Aliyepiga kelele alikuwa mupumbavu."

"Mupunga, umesikia?" akasema Mama Shabani. "Mi sikusikia kelele yoyote. Nilikuwa naangalia vilima."

Mama, nilijiziba mdomo nisicheke, na machozi yananitoka.

Halafu Mama Shabani akachuma suke moja, akatoa punje, akaibonyeza kwa kucha. Yakatoka maziwa. Meupe, mazito, tone zima. Akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaniwekea punje nyingine kiganjani nibonyeze mwenyewe. Nikabonyeza. Maziwa. Kisha akachukua kipande cha suke kilichobaki, akakiweka juu ya jani pale kwenye tuta, akajifunika kitenge, akaondoka kwenda nyumbani. Alipofika mbali, Ramazani akaja akakichukua. Alibonyeza punje moja, akabonyeza nyingine, akasimama pale muda mrefu na vidole vyeupe.

"Imeshika," akasema. Akachukua baiskeli yake akaenda.

Ndivyo tulivyo. Bwawa bado lina upana wa kidole juu ya mstari. Pampu inapiga maji safi, na leo asubuhi mawingu yamesimama upande wa Kongo, ingawa sitaki kuyaamini bado. Mpunga wa mkiani hautaki tena maji mengi, punje zitakuwa ngumu zenyewe.

Baba, unaweza kuzibua masikio. Ndiva yako haina kosa, kosa ni langu niliyeibeba mgongoni bila kuuliza wenyeji. Lakini hii ya kuanzia mkiani naomba uifikirie, maana namkumbuka shangazi na kale kashamba kake ka mwisho, jinsi alivyokuwa akingoja na ndoo. Msalimie sana. Msalimieni mjomba mwenye mashine ya kusaga, na mama mchungaji, na yule jirani aliyenifundisha kuendesha pikipiki akavunjika yeye mkono. Elifuraha mwambieni asome, na fimbo ya Baba airudishe mahali inapoonekana. Mama, nakukumbuka kila nikisikia mtu anakohoa asubuhi. Kunywa dawa yako.

Mama Shabani yuko uani anapepeta maharage, ameona naandika, akauliza kama ni kwenu. Nikamwambia ndiyo, na kama ana salamu aseme. Ameacha ungo, amefuta mikono kwenye kitenge, ameniambia niandike hivi hivi alivyosema, nisipunguze:

"Waambie baba yako na mama yako, mwaka huu nakula kwangu."

Ni mimi binti yenu,
Nakijwa